Kutu ya Geti la Mama Mkwe

Kwa Mzee Kobina Ansa,
Mkuu wa ukoo wa mke wangu,
Sekondi.

Mheshimiwa Mzee wangu,

Nakuamkia nikiwa nimevua viatu, ingawa niko peke yangu nyumbani. Mke wangu Araba yuko kwa mama yake tangu ile Jumapili ya shukrani ya msiba wa baba mkwe. Nakula kenkey ya kununua, ugali mchachu uliokwisha kupoa, na samaki wa kopo.

Nianze kwa kukiri. Geti la nyumba ya mama mkwe pale ufukweni nililitoa zawadi mimi, kwa heshima ya marehemu. Mvua iliponyesha watu wakipita kutoka kanisani, lilichuruzika maji ya kutu kwenye nguo zao nyeupe, kwaya nzima ikaonekana kama imetoka kuchinja ng'ombe. Najuta. Hata hivyo, Mzee, nina malalamiko.

1. Nilihukumiwa bila kueleweka. Kazi yangu ni kukagua vyuma bandarini Takoradi. Kuna vyuma vinavyotiwa viungo kidogo tu, kama chumvi kwenye mchuzi, vikapata nguvu kupita chuma cha kawaida, na kila kimoja kina kazi yake. Cha chasi ya lori ni chepesi, ukikikunja hakipasuki. Cha bomba la gesi kinavumilia presha. Cha daraja kinatiwa shaba kidogo: kinashika kutu juu, kutu ile inageuka ngozi yake, na hakidai rangi maisha yake yote. Hicho ndicho nilichomchagulia marehemu. Cha lori nilikikataa, maana marehemu alikuwa hakunjiki.

2. Mama mkwe, Maame Efua Nyarkoa, analisugua geti kwa majivu na sabuni, na upande wa ndani ameshaupaka rangi ya samawati. Nilipomwambia analichuna ngozi, akanijibu mbele ya majirani: "We Ekow, kama kutu ni ngozi, mbona gari lako umelipaka rangi? Hebu nitolee daraja lako hapa!" Majirani walicheka. Na mimi nilicheka kidogo, nakiri.

3. Kwenye kikao cha ukoo mlinitoza kondoo na chupa ya pombe ya jini ya kuombea radhi. Nikajieleza kwa mfano: mama mkwe ni chuma cha bomba, presha yote iko ndani, Araba ni cha chasi, amebeba familia. Ilikuwa sifa, Mzee! Shemeji Kwesi akapaza sauti, "Na wewe ni cha nini, cha kopo la sadini?" Mkaongeza kondoo wa pili. Naomba kujua: huyo wa pili ni wa geti au wa mfano?

4. Araba aliniambia, "Chuma unakijua chote. Lakini siku ya baba yangu hukuiona nguo yangu." Hili si lalamiko. Nimeliandika tu.

Kwa hiyo naomba ukoo uamue haya: mama mkwe akae mbali na majivu miaka mitatu, kutu ikomae, misiba yote ijayo watu wavae nguo za rangi ya kutu, na geti likishakomaa, limwagiwe jini, mama mkwe aliombe radhi hadharani. Nitamshika mkono asiteleze. Araba arudi kabla ya hayo yote. Hata leo.

Wasalimie wazee wote, kwaya, na Kwesi pia.

Mkwe wenu mwenye majuto,
Ekow Dadzie

N.B. Nilikuwa nakuletea barua hii mwenyewe, nikapitia kwa mama mkwe. Upepo wa bahari ukanipiga, nikalamba midomo: chumvi. Ndipo nikakumbuka, mimi mkaguzi mzima, kwamba chuma kile hakiwekwi karibu na bahari. Chumvi haiiachi kutu ikomae. Inakula tu, inaendelea. Upande aliosugua na kupaka rangi mama mkwe uko salama. Upande wa nje unabanduka maganda kama kitunguu.

Futa yote, Mzee, isipokuwa la nne. Kondoo wote wawili nimewafunga getini, upande wa samawati. Mimi niko upande wa nje, nimevaa nguo yangu nyeupe ya shukrani, nasugua. Majivu ameniletea mama mkwe mwenyewe. Araba amechungulia dirishani, akaniangalia nguo muda mrefu. Kisha akasema, "Na ile kona ya chini je? Umeiruka."

Narudi kwenye kona.