Kilima cha Mashuuru na Banda la Vifaranga

Jumatatu, 9 Juni

Roda, mwenyekiti wa kundi letu la kamera kubwa, ametangaza: Jumamosi kila mtu alete picha moja ya mandhari, nyeusi na nyeupe, tuijadili. Itakayoshinda itatundikwa ukumbini Kitengela mwaka mzima. Picha ya mwenzetu Dalmas imetundikwa miaka mitatu mfululizo. Mwaka huu haiwezekani! Nimebaki na filamu nne tu, kila moja kubwa kama kiganja. Zinatosha. Mimi Kaloki nimeamua.

Shida ni kwamba filamu hupakiwa gizani kwenye vibebeo vya kamera, na nyumba yetu ya Isinya ina mwanga kila ufa. Nikakumbuka Roda aliwahi kuandika kwenye kundi kuhusu kufanya kazi chini ya taa nyekundu. Ujumbe ulikuwa mrefu, sikuumaliza. Nani ana taa nyekundu? Mke wangu Ndunge, ya kuwapa vifaranga joto! Nimepakia bandani kwa raha zangu, nikiona kila kitu. Ndunge akauliza nataka nini kwa vifaranga wake. Nikamjibu ni sanaa.

Jumatano, 11 Juni

Mashuuru, asubuhi na mapema. Nimesimamisha kamera, nikajifunika kitambaa cheusi. Kutoa kichwa, wanaume watano! Wanataka kujua nani amenituma kupima shamba lao. Nikasema napiga picha ya kilima. Wakauliza kilima kinauzwa bei gani. Mmoja akaketi mbele ya kamera, akaapa haondoki mpaka nifungashe. Nilimngoja saa tatu nzima. Alipoenda haja, nikapiga zote nne. Kilima, mawingu, mti mmoja. Dalmas kwisha!

Ijumaa, 13 Juni

Nimeosha filamu bandani, taa ile ile. Zimetoka nyeusi tititi. Zote nne! Hakuna kilima, hakuna wingu. Nimekaa juu ya gunia la chakula cha kuku, nikalia kidogo. Ndunge akaniletea chai. Hiyo iliniuma zaidi.

Jumamosi, 14 Juni

Nilienda tu. Nikaweka filamu moja mezani, nikaiita "Kabla ya Mapambazuko". Waliijadili dakika kumi! Kisha Roda akaiinua dirishani, akauliza niliipakia wapi. Nikasema. Akaeleza polepole kwamba taa nyekundu ni ya karatasi za kuchapishia. Filamu huharibiwa na mwanga wowote, hata huo.

Dalmas ameshinda tena. Halafu akanipa filamu zake nne za mwisho, akasema anatamani sana kukiona kilima changu.

Jumapili, 15 Juni

Nimelitafakari jambo hili kanisani, mahubiri yote. Roda ni msomi, lakini hajawahi kufuga kuku. Kosa si taa. Ni vifaranga! Mia mbili, macho mia nne, yote yanamulika filamu.

Ndunge yuko kwenye mkutano wa akina mama. Vifaranga nimewahamishia sebuleni wote. Banda limetulia. Taa nimeiacha iwake, nikapakia filamu za Dalmas moja moja, bila haraka.