Darlene Ashinda Mstari wa Chupa ya Buluu

Sogeeni, enyi mliowahi kukunja mkono wa shati na kugeuza uso ukutani! Tegeni masikio niwasimulie habari za Darlene Pruden, bingwa wa sindano, simba jike wa chumba namba tatu cha kutolea damu hospitalini, aliyeijaza chupa moja ya damu mjini Saskatoon, Kanada, theluji ya Machi ingali imekalia madirisha.

Adui alikuwa mstari mwembamba, uliochorwa ubavuni mwa chupa yenye kifuniko cha buluu. Damu isipoufikia, dawa ya kuzuia kuganda iliyomo huizidi nguvu na kipimo hudanganya. Mara mbili Darlene alipeleka damu ya Noreen Halvorson, na mara mbili Gordon, mpimaji na mlinzi wa maabara ya ghorofani, aliikataa kwa neno moja zito kama rungu: "Haijajaa."

Naye Noreen, nahodha mstaafu wa mchezo wa kutelezesha mawe barafuni, ambao wachezaji hufagia njia ili jiwe lifike mbali, alikuwa amengoja majuma kumi na mawili tangu damu imgande mguuni, apimwe tena ajue kama zile kingamwili zinazogandisha damu zimeondoka au zimehamia mwilini mwake kabisa. Zikiwapo bado, atameza dawa maisha yake yote.

"Wewe binti, mara ya tatu hii," alisema akinyoosha mkono. "Ukinikosa tena nakuchoma mimi."

"Mama Noreen, mishipa yako inakwepa kuliko wachezaji wako."

"Wachezaji wangu hawakukwepa! Walianguka tu."

Darlene alicheka, lakini aibu ilimuuma. Akautazama mrija mwembamba unaounganisha sindano na chupa, na ufunuo ukamshukia: mrija ule umejaa hewa, na hewa ndiyo inayotangulia chupani na kuiba nafasi ya damu! Alifundishwa kutanguliza chupa ya kutupwa. Kwa kuuhurumia mshipa mchoyo wa Noreen, mara zile mbili akaiacha.

"Leo tunatoa kafara!" alinguruma.

"Kafara gani? Damu yenyewe kidogo!"

"Chupa ya kwanza ni ya hewa, mama. Ya pili ndiyo yako."

Sindano ikazama. Chupa ya kafara ikanywa hewa na matone mawili, ikatupwa bila matanga. Katika ile ya buluu damu ikapanda, ikasita chini ya mstari.

"Fagia, binti, fagia!" Noreen alipiga kelele, kana kwamba jiwe lake la mwisho linafia barafuni.

Damu ikaugusa mstari.

Darlene akaipandisha ghorofani mwenyewe, kwa mikono miwili. Gordon akaiinua kwenye taa, akafumba jicho moja.

"Imejaa."

Basi andikeni, enyi waandishi wa tarehe: Jumanne, saa nne na dakika saba asubuhi! Jibu lilikuwa litoke Alhamisi, liwe tamu au chungu, lakini sasa lilikuwa na hakika ya kutoka. Noreen aliposikia alilia kwa furaha, akaomba chupa ya kafara iwe kumbukumbu. Darlene akamkatalia, akampa ya buluu, mpya na tupu, nayo ipo kabatini hadi leo, katikati ya vikombe vyake vya ushindi.