Mzee Kaptula Chini ya Kitambaa cha Zambarau

Jamani, leo nimeaibika. Wala si aibu ile ya kuteleza sokoni, ukainuka, ukajipangusa na kuendelea na safari. Nimeaibika sebuleni kwangu mwenyewe, mbele ya jumuiya nzima na mama mkwe, tena katikati ya sala. Kaeni niwaambie, maana hadi jioni mtaa wetu wote wa Bigwa utakuwa umeshasikia, na ni afadhali mpate habari kwangu.

Wanaonifahamu wanaujua ugonjwa wangu. Nakusanya visanamu vya wahusika wa katuni za magazetini, zile za zamani, za picha nne kwenye ukurasa wa nyuma. Ninayempenda kuliko wote ni Mzee Kaptula. Nilipokuwa mdogo baba alikuwa akirudi na gazeti, mimi nalidaka naanzia nyuma. Mzee Kaptula alikuwa mlevi mpole, kaptula ina kiraka, kibuyu mkononi, kila siku anarudi nyumbani na uongo mpya, na mkewe Bi Mwiko anamsubiri mlangoni. Gazeti lenyewe lilikufa zamani. Visanamu vyao havikuwahi kuuzwa popote, kwa hiyo vyangu nachongesha kwa fundi mmoja wa vinu na michi pale Mikese. Nampelekea vipande vya magazeti nilivyovitunza, ananitazama kwa huruma, anachonga, halafu mimi napaka rangi. Ninavyo kumi na kimoja. (Ndiyo, nina miaka arobaini na moja. Endeleeni kusoma.)

Tatizo ni mama mkwe. Ni mkulima wa mboga kule milimani Mgeta, mama wa misa ya kwanza, hana maneno mengi. Wakati wa posa alisikia kwamba kijana anayemtaka binti yake anacheza na wanasesere. Aliuliza swali moja tu, kama nina akili timamu. Mke wangu Felista akamwapia kwamba nimeshaacha. Tangu hapo, miaka tisa sasa, kila mama akija navificha vyote kwenye boksi chini ya kitanda. Na kila akija anakunywa chai, anazitazama kuta zetu, anageuza siku hiyo hiyo. Hajawahi kulala kwetu hata mara moja. Kwa dada yake Felista hukaa wiki nzima. Inaniuma, sitaficha. Nampenda yule mama, na nimekuwa nikiomba siku moja anione kama mtu mzima.

Leo ilikuwa zamu ya jumuiya, yaani majirani Wakatoliki tunaosali pamoja nyumba kwa nyumba, kusali kwetu. Asubuhi nilishapanga viti, nikatandika meza kitambaa cheupe, nikaweka msalaba na mshumaa. Visanamu niliviacha kwenye rafu yao ukutani, maana majirani wameshanizoea. Mara simu ya Felista ikaita. Mama kapata lifti ya gari la karoti, ameshashuka, yuko pale dukani, anakuja kwa miguu.

Nikakimbilia boksi. Halipo. (Baadaye nilikumbuka nililijaza vitunguu.) Nikavuta kitambaa cha kwanza nilichokikuta juu ya cherehani ya Felista, nikafunika rafu nzima. Kitambaa kilikuwa cha zambarau.

Kwa wasio Wakatoliki niwaeleze. Tuko mwishoni mwa Kwaresima, na wiki hizi misalaba na sanamu za watakatifu hufunikwa vitambaa vya zambarau kusubiri Pasaka. Hufunikwa kanisani. Nyumbani sijawahi kuona mtu akifanya hivyo, na naapa wakati ule Kwaresima haikunijia kichwani kabisa. Nilikuwa namuwaza mama mkwe tu.

Akaingia. Shikamoo, marahaba, kikapu cha njegere kikapokelewa. Kisha macho yake yakapanda ukutani, akasimama.

"Umefunika," akasema taratibu.

"Nimefunika, mama."

"Ni nani huyo?"

Hapa ndipo ningesema ukweli. Nafasi ilikuwepo, pana kabisa. Lakini mdomo wangu ukafanya kazi bila kunishirikisha.

"Mtakatifu Yosefu, mama."

(Felista alikuwa mlangoni pa jikoni. Sitaeleza alivyonitazama.)

Mama alifurahi mpaka nikaona huruma. Akanishika mkono, akasema hata katekista wao hajawahi kufikiria kufunika nyumbani kwake. Akaniita mwanangu. Miaka tisa nimekuwa "mume wa Felista", leo naitwa mwanangu! Moyo ulijaa furaha.

Jumuiya ikaingia, watu kumi na sita. Wote wanajua kuna nini kwenye ile rafu. Mwenyekiti wetu, Mama Koleta, aliwahi hata kunisaidia kukitafuta kisanamu cha mbuzi wa Mzee Kaptula kilipodondokea mtaroni. Akakitazama kitambaa, akanitazama mimi, nami nikamwonyesha mama mkwe kwa midomo. Akaelewa, akakaa kimya. Ni mtu mwema sana.

Ila mama hakukaa kimya. Aliomba meza isogezwe chini ya rafu na viti vigeuzwe, ili tusali tukimwelekea Mtakatifu Yosefu, kwa kuwa mwezi huu wa Machi ni wake. Ni mama mkwe wa mwenye nyumba, ametoka mlimani alfajiri, nani atambishia? Viti vikageuzwa. Mama mwenyewe akaongoza litania. Kila akitaja sifa ya Yosefu, mwadilifu, msafi, mwenye busara, sisi tunaitikia utuombee. Alipofika kwenye usafi, mabega ya Mama Koleta yakaanza kutikisika. Mzee mmoja nyuma akakohoa kikohozi kisichohitaji dawa. Mimi nikawa naitikia kwa sauti kuliko wote, jasho linanitiririka mpaka kwenye soksi.

Tukakaribia mwisho. Nilikuwa nimebakiza Baba Yetu moja tu nivuke salama. Hapo mama akainuka, akavua rozari yake shingoni, akasema anataka kuiweka miguuni pa mtakatifu kwa shukrani, kwa sababu leo amempata mkwe. Nikaruka, nikamwambia nitamwekea mimi. Akakataa. Akavuta kigoda, akapanda, akafumba macho, akainua pindo la kitambaa kwa vidole viwili, akainama na kubusu miguu.

Kisha akafumbua macho.

Alichokuwa amekibusu ni ndala za Mzee Kaptula. Juu ya ndala kuna magoti. Juu ya magoti kuna kaptula, na mkononi kuna kibuyu. Kitambaa chote kikateleza kikaanguka, akatokea Bi Mwiko, akatokea mbuzi, akatokea mjumbe wa nyumba kumi na kalamu yake sikioni, ukoo mzima umesimama unatutazama tukiwa na vitabu vya sala mikononi.

Mimi nikajikuta nimepiga magoti. "Mama, nisamehe," nikasema, "si Yosefu." (Kana kwamba kuna mtu pale alikuwa bado hajagundua.)

Mama akamchukua Mzee Kaptula, akamgeuza, akamkagua nyuma.

"Kiraka umekosea," akasema.

"Mama?"

"Kiraka cha huyu kiko tako la kushoto. Wewe umekiweka la kulia."

(Vipande vyangu vyote vya magazeti vinamwonyesha kwa mbele. Nilibahatisha.)

Nikamuuliza amejuaje. Akashuka kigodani na Mzee Kaptula mkononi, akawageukia wanajumuiya, akasema, "Huyu mzee nimelala naye chumba kimoja miaka ishirini."

Mama Koleta ndipo alipotoka nje. Tulimsikia uani akicheka mpaka akaomba maji.

Ikabidi mama aeleze. Baridi ya Mgeta mnaijua. Marehemu mumewe alikuwa akibandika magazeti kwenye kuta za chumba chao ili kuziba upepo, na picha nne za Mzee Kaptula, moja amegeuka kiraka kinaonekana, zikaangukia upande wa mama, sawa na mto. Yeye kusoma alikuwa hajui vizuri, basi mume akawa anamsomea, picha zile zile nne, wanacheka upya kila mara. Baadaye mume akafariki. Mvua zikaangusha ule ukuta, na Mzee Kaptula akaenda na udongo. Mama alisema hakutegemea kumwona tena duniani. Miaka yote tisa aliambiwa mkwe wake ana wanasesere, hakuna aliyemwambia wanasesere gani. Hapo nikalia, magoti yangu yakiwa bado chini.

Nilipotaka kuinuka akanizuia. Akasema Mzee Kaptula ni jambo moja, na kumsingizia Mtakatifu Yosefu ni jambo lingine, kwa hiyo nimalizie sala palepale nilipo. Nimesali Baba Yetu nimepiga magoti peke yangu, watu kumi na sita wamekaa kwenye viti wananisikiliza.

Sasa ni mchana. Wageni wameondoka, na mama yuko sebuleni na brashi yangu ndogo kuliko zote, anahamisha kiraka. Mimi nimekatazwa kugusa. Amemwambia Felista atandike kitanda cha wageni, kwa sababu hawezi kumwacha mzee wake kabla rangi haijakauka, na ameniuliza itachukua muda gani.

Nimemwambia siku nne. Hukauka kwa nusu saa. Nitaungama kabla ya Pasaka, ninyi nyamazeni tu.