Kompyuta ya Kanisa Haioni Pa Kuwakia

Jumanne, 3 Oktoba
Jioni. Mtungi mtupu wa gesi, ndio kengele yetu, umegongwa, kijiji kizima kimya kwa sala. Kompyuta ya kanisa, ambayo natunza mimi na si jirani yangu Fetuao, ikaendelea kuvuma. Kioo kikaandika ati inajisasisha, isiguswe. Nyumbani kwangu hakivumi kitu Mungu akisemeshwa! Nikachomoa waya. Sala ikaenda vizuri.

Jumatano, 4 Oktoba
Haiwaki! Kioo cheusi, mstari mmoja wa Kiingereza. Na nyimbo zote za watoto za Jumapili Nyeupe, sikukuu yao kanisani, zimo humo, Jumapili yenyewe ndiyo hii. Nimeipiga kofi. Nimeipuliza. Nimeianika juani kama mkeka. Fetuao akapita, akauliza tangu lini kompyuta ikaota jua. Akasema kwake kuna vigae na feni, ihamie huko ikatunzwe na waliosoma. Mdomo hauna komeo!

Alhamisi, 5 Oktoba
Nimemwambia mke wa mchungaji kuku wa Fetuao ndiye kaiharibu. Akauliza yupi. Yule mwekundu, nikasema. Kumbe mwekundu alichinjwa wiki jana, na paja lake nililila mimi. Akanipa mpaka Jumapili: isipowaka, inahamia kwa Fetuao. Shenzi!

Ijumaa, 6 Oktoba
Mkwe wangu Malaea kaja kutoka mjini Apia. Ndiyo kazi yake, hizi kompyuta za Linux. Akaiwasha kwa flashi aliyokuja nayo, akapekua. Diski ni nzima, kasema, haijaharibika. Sehemu ya kuwashia ipo, ila mashine haiioni. Nikampa miwani yangu. Hakucheka. Kasema usasishaji ulikatwa katikati, maelekezo ya kuitafuta sehemu hiyo yakabaki nusu. Akanikazia macho: "Mama, nani kachomoa?" Nikasema umeme ulikatika. Akasema ajabu, majirani wote hawakukatikiwa. Watoto wa siku hizi! Akayaandika upya maelekezo. Ikawaka! Akaniapisha: ikijisasisha isichomolewe, hata paa lianguke. Nikaapa.

Jumapili, 8 Oktoba
Nyimbo zote zimetoka. Watoto na nguo zao nyeupe pe, wameimba mpaka mchungaji kafuta macho. Kompyuta inabaki kwangu. Fetuao hakugusa hata palusami yake, yale majani ya magimbi kwa tui. Nikamlia yote.

Jumatatu, 9 Oktoba
Jioni. Inajisasisha tena, inavuma kama nyuki. Mtungi wa gesi umegongwa. Malaea alisema hata paa lianguke. Sala hakuitaja. Nimechomoa.
Fetuao kanunua kuku mpya, mweupe. Nimemkagua vizuri, yu hai.