Daktari wa Mashine ya Pamba

Soko la pamba lilipofunguliwa na kila mwenye mtaji akaruhusiwa kuchambua pamba, Novatus aliiona mashine ya Mama Generoza pale Bariadi, akaitamani kama mtu anavyotamani ng'ombe wa jirani. Alikuwa dalali mwenye ulimi laini, na tajiri mmoja wa Lamadi alikuwa akitafuta mashine ya namna ile. Kilichobaki ni kuipata kwa bei ya chuma chakavu.

Akavaa koti jeupe, akaning'iniza shingoni kipimo cha kusikilizia moyo, akajitambulisha kuwa daktari wa mashine.

Mama Generoza, mjane mpole wa sura, alimpokea kwa mwangaluka, salamu ya Kisukuma, na kiti, akamwuliza kipimo gani ni bora kugundua ugonjwa wa mashine. Novatus, tusimnyime haki yake, alieleza vizuri. Mkono, alisema, huhisi joto la beringi ugonjwa ukiwa umekomaa. Oili huwahi kidogo, maana vumbi la chuma huonekana ndani yake. Ila sikio huwahi zaidi, kwa kuwa mtetemo ndio hubadilika kwanza.

Kisha akasikiliza. Mashine ilinguruma kama paka aliyeshiba. Novatus akatikisa kichwa kwa huzuni ya mtu aliyeisomea.

"Pole, mama. Hii haimalizi msimu."

Mama Generoza alijifuta machozi kwa ncha ya khanga, akauliza nani atanunua maiti. Novatus, kwa huruma tu, akakubali kubadilishana naye kwa pikapu yake. Wakaandikishana mbele ya mashahidi.

Tajiri wa Lamadi alipofika, alitaka mashine iwashwe na iachwe ifanye kazi. Ilipopata moto ikaanza kugonga, ikafuka moshi, beringi zikapasuka. Tajiri akaondoka bila kuaga. Novatus alipofungua mfuniko akakuta grisi nzito imeshindiliwa humo kama ugali, kunyamazisha makelele ya chuma kilichokwisha zamani.

Akamkimbilia Mama Generoza, aliyekuwa akipakia magunia kwenye pikapu, akamlaumu kwa kumficha ugonjwa wa mashine.

"Nimekuficha nini, baba?" mama alijibu taratibu. "Ulisema haimalizi msimu, nami nikakuamini. Daktari si wewe?"

Mama akamwonea huruma, akamwambia alikuwa anaelekea Lagangabilili, angemshusha stendi, ila mbele kumejaa.

Ndivyo Novatus alivyopita katikati ya mji, juu ya magunia, nyuma ya pikapu aliyoinunua mwenyewe, na aliposhuka ikabidi ashukuru kwa lifti.