Kuhusu Kibao cha Kumbukumbu Kilichompa Mchimba Dhahabu Mama Asiye Wake

Baraka, Fizi, mwezi wa Machi 2002

Kwa Bwana Mkurugenzi wa Vifaa,
Bukavu

Bwana Mkurugenzi mheshimiwa,

Ninakuandikia nikiwa nimevaa koti, ingawa joto la Baraka leo halimruhusu hata mbuzi kusimama juani, ili ujue kwamba neno hili nimelichukua kwa uzito wake. Mimi ni Placide, katibu wa ofisi yenu inayowatafutia watu ndugu zao waliopotezana katika kukimbia vita. Ofisi yetu unaijua kwa ripoti: chumba kimoja, benchi moja, jenereta inayokohoa, na kompyuta ya mezani mliyotutumia kwa boti kutoka Uvira, ile iliyokwisha kuzeeka huko kwenu kabla ya kuja kuanza kazi kwetu.

Kazi yake si ngumu kuieleza. Mtu anakuja, anasema anamtafuta nani, mimi ninaandika, mashine inachapa tangazo, wasafiri wanalibeba mpaka Kilembwe, Lulimba na vijiji vya njiani, na huko linasomwa kanisani baada ya ibada. Nilishukuru siku mashine ilipofika, na shukrani hiyo sijaiondoa. Lakini ina ugonjwa wa kusahau, na ugonjwa huo umefika mahali ambapo mtu mwenye adabu hawezi tena kunyamaza. Malalamiko yangu nayapanga kwa namba, kama mlivyotufundisha kwenye semina.

1. Mashine inapiga kelele. Asubuhi moja niliiwasha, kioo kikabaki cheusi, ikaanza kulia pii, pii, pii, ikanyamaza, ikarudia. Sijui huko Bukavu mlio huo mnaupokeaje. Hapa watu wamejifunza kutongojea maana. Mama Adolphine, anayekaanga mandazi mlangoni petu, alibeba karai na mafuta yake ya moto akaelekea ziwani, na mtaa mzima ukamfuata. Baadaye walikuja askari, wakasema tumeficha fonia, redio ya kuongea na wapiganaji wa msituni. Niliwaeleza kwamba mashine inalia kwa sababu haizioni kumbukumbu zake. Mkubwa wao akauliza inakumbuka nini. Nikamjibu kwamba kwa sasa haikumbuki kitu. Alifikiri kidogo, akasema hayo ndiyo majibu ya kila mtu anayemhoji, akatulaza kituoni sote wawili, mimi na mashine. Mashine ilipewa meza.

2. Nilifuata kitabu cha maelekezo, na hali ikawa mbaya zaidi. Kitabu kinasema mlio kama ule hutoka kwenye barete, yaani vile vibao vyembamba vya kumbukumbu vilivyochomekwa ndani. Basi nilifungua ubavu wa mashine. Nilikuta vumbi la kutosha kupanda mihogo, na mjusi aliyekuwa amehamia humo, sijui naye alikimbia kutoka wapi. Barete zilikuwa mbili. Nilizitoa, nikayasugua meno yake ya rangi ya dhahabu kwa kifutio cha shule, nikazirudisha na kuzikandamiza mpaka zikaingia sawasawa. Mashine ikaamka bila kulia. Nilifurahi, na furaha hiyo ndiyo iliyonipoteza. Tangu siku ile ilianza kusimama katikati ya neno; kioo kinakuwa cha bluu, ninaizima, ninaiwasha, na ukurasa unarudi ukiwa umechanganyika, mkia wa tangazo hili kwenye kichwa cha lile. Bwana Mkurugenzi, afadhali chombo kinachopiga kelele kuliko kinachosema uongo kwa upole. Wakubwa wa namna hiyo tumekwisha kutosheka nao, na wana magari.

3. Hapa ndipo lilipo shina la barua yangu. Kuna mama mmoja anayeitwa Mukankuranga, mtu wa nyanda za juu, wa wale wafugaji wanaosema Kinyarwanda. Ng'ombe wake walichukuliwa, nyumba ikachomwa, akashuka kwetu na kupanga chumba nyuma ya kituo cha afya. Alikuja ofisini kumtafuta mwanawe Gisa. Kwenye ukurasa huohuo niliandika tangazo la Dieumerci, Mubembe kama wenyeji wengi wa huku, mchimba dhahabu wa Lulimba, aliyetuma ujumbe kwamba anamtafuta mama yake, Suzanne wa Kilembwe. Mashine ikasimama, nikaizima, nikaiwasha, nikachapa. Nakiri sikusoma tena, kwa sababu mafuta ya jenereta yalikuwa yanakwisha na msafiri alikuwa anaita nje. Huko Lulimba kikasomwa hiki: mama Mukankuranga, aliye Baraka, anamngoja mwanawe Dieumerci, mchimba dhahabu.

Utauliza kwa nini kijana hakucheka akarudi shimoni. Nami nilimuuliza, baadaye. Alijibu kwamba katika vita hivi watu wengi wamebadili majina ili wapite kwenye vizuizi, na kama mama yake alilazimika kuitwa Mukankuranga ili aishi, yeye hawezi kuanza kuchagua jina. Alitembea kutoka Lulimba akiwa na jembe lake dogo la kuchimbia na kitenge kipya alichomnunulia mama. Aliponiambia ndiye mwana anayengojwa na Mukankuranga, sikumuuliza jina; nilimpokea kwa fahari, nikamwongoza mwenyewe mpaka nyuma ya kituo cha afya.

Mukankuranga alikuwa amekaa kizingitini akichambua maharage. Aliinua macho. Yule kijana alisimama, akamtazama sana, na nikaona kitenge kinashuka mkononi mwake polepole. Hapo ndipo nilipoelewa kilichotokea. Nilianza kueleza habari za barete, kwa Kiswahili changu kizuri, na hakuna aliyekuwa akinisikiliza. Mwishowe yule mama alisogeza ungo.

"Umekula?" akamuuliza.

"Hapana, mama," Dieumerci akajibu.

Akaingia ndani kuwasha moto. Mimi nilibaki mlangoni na maelezo yangu.

4. Wahusika wamekataa kusahihishwa. Kesho yake nilirudi na tangazo la masahihisho, lenye mhuri. Kijana alikuwa anaziba paa. Nilimwonyesha barete kama ushahidi, akayakwaruza yale meno kwa ukucha, kama mtu wa kazi yake, akasema, "Hii ni rangi tu, papa. Haina dhahabu." Kisha akanirudishia na kuendelea na paa. Nikamgeukia mama, nikamwambia kwa heshima zote kwamba huyu si mwanawe. Maneno yake nayaandika kama alivyoyasema:

"Mi najua sura ya mutoto wangu, Papa Placide. Huyu si Gisa. Lakini we uliandika, mi nikangoja, na muntu akakuja. Sasa unataka nimwambie arudi wapi?"

Nilisema ofisi ina taratibu. Alinipa kikombe cha maziwa. Nilikunywa, na ninaomba jambo hilo lisihesabiwe kuwa rushwa.

5. Kosa hili sasa linavuruga vita. Ninalisema kwa masikitiko, kama raia. Wiki iliyopita Dieumerci alikamatwa kwenye kizuizi cha barabara ya kwenda Fizi. Ni kijana, ni Mubembe kama wale wapiganaji wa msituni, ana nguvu: kwa utaratibu uliopo alikuwa tayari ni adui, ilibaki tu kuandikwa. Mukankuranga alifika mbio, akasimama kati yake na askari, akasema, "Huyu ni mutoto wangu." Askari walimtazama yeye, wakamtazama kijana, wakatazamana wenyewe. Mkubwa wao, yuleyule aliyenilaza kituoni, aliwauliza mara ya pili, akapata jibu lilelile kutoka kwa wote wawili. Akawaachia, akasema kichwa kinamuuma.

Siku chache baadaye ikawa upande wa pili. Wanawake wa kisimani walimzuia Mukankuranga asichote maji, wakisema arudi kwao milimani, na mmoja alikwisha kuokota jiwe. Dieumerci alifika na ndoo. Hakugombana na mtu. Alisema tu kwamba amekuja kumchotea mama yake, na kama kuna mwenye neno na mama yake amwambie yeye, kwa Kibembe, wasikilizane vizuri. Jiwe likawekwa chini. Mama mmoja akasogea kwenye foleni, akawapisha.

Tafadhali uione hatari iliyopo, Bwana Mkurugenzi. Ikiwa kibao kibovu kimoja kinaweza kumpa Mubembe mama wa nyanda za juu, na vibao vingine vikifuata mfano huo, kesho askari atajuaje ampige nani? Jirani atamfukuza nani? Wakubwa wa pande zote wamefanya kazi kwa miaka mingi kutufundisha nani ni nani. Wamekula viapo, wameshinda msituni, wamenunua silaha kutoka mbali. Haifai kazi yao yote iharibiwe na kompyuta ya msaada.

6. Mambo yanaenea. Nilizijaribu barete moja moja, kama kitabu kinavyoagiza, na mwenye kosa nimempata: ni ile ya upande wa kushoto. Nikiiacha nyingine peke yake, mashine inakwenda polepole lakini ni mwaminifu. Nilitangaza habari hii benchini, nikidhani watu watafurahi. Tangu hapo watu wananiuliza, kwa sauti ya chini, kama tangazo lao linaweza kuandikwa kwa ile mbovu. Hawa ni watu waliongoja ndugu zao tangu vita vya kwanza, na ile nzima haijawaletea mtu. Nimewakataza wote. Baba mmoja, mzee wa kanisa, alisema atakuja tena nikiwa sijavaa koti.

Kwa sababu hizo naomba, kwanza, barete mpya, itumwe na boti ya karibuni. Pili, barua yenye mhuri wenu ikitamka kwamba kosa la mashine haliwezi kuzaa undugu. Tatu, fundi mwenye cheo aje amsomee barua hiyo Mukankuranga mbele ya Dieumerci, kwa maana mimi nimejaribu na nimenyweshwa maziwa. Barete yenye hatia nimeifunga kwenye kitambaa na kuiweka kando, ikingoja maamuzi yenu.

Nisalimie wote wa ofisini: mama wa ghala, dereva aliyeishusha mashine bandarini bila kuipiga chini, na hata yule kijana wa mahesabu ambaye hajawahi kujibu barua zetu. Huku sisi tupo, na kwa siku hizi neno hilo linatosha kuwa salamu.

Wenu katika kazi na utaratibu,

Placide,
katibu

Nyongeza: Nilikuwa sijaifunga barua hii mke wangu Marthe alipoiomba aisome. Marthe ni mzaliwa wa upande wa Kilembwe. Katika vita vya kwanza watu wa kwao wote walitawanyika kwa siku moja, na mpaka leo hajarudi hata mmoja wala hajasikika. Hajawahi kuandikisha tangazo, ingawa mume wake ndiye katibu, na mimi sikuwahi kumuuliza sababu. Alisoma mpaka mwisho, akaikunja, akaniambia niirudishe ile barete ya kushoto na niwashe jenereta. Nilimuuliza niandike anamtafuta nani.

"Usiandike natafuta nani," akasema. "Andika tu niko hapa."

Nimeandika. Mashine ilisimama katikati, kisha ikachapa, na safari hii tena sikusoma kilichotoka. Msafiri wa Kilembwe amekwisha kuondoka nacho. Kwa hiyo, Bwana Mkurugenzi, maombi yangu yote matatu nayafuta. Barete mpya, ikiwa mnayo Bukavu, tafadhali ibaki huko. Mkiituma hata hivyo, tutaipokea kwa heshima zote na kuifungia kabatini.