Boti ya Peguy Yapunguzwa Polisi

Tangu Durban ipate bandari, hajawahi kutokea mtu anayejua makaratasi kama Peguy. Usiponiamini, muulize Peguy mwenyewe.

Alikuwa amejenga boti uani kwake Glenwood kwa mikono yake miwili, na kusema haki ilipendeza. Ikabaki kuisajili serikalini. Mkewe, Mireille, akamshauri atafute wakala anayeijua kazi hiyo.

"Wakala wa nini?" Peguy akasema. "Papier za asylum, za ukimbizi, nilitafuta mi mwenyewe. Duka ya simu nilifungua mi mwenyewe. Sasa boti ndiyo itanishinda?"

Kilichomkimbiza ni baba mkwe wake, Papa Dominiki wa Pinetown, mzee aliyekulia ziwani kule Kalemie, Kongo, ambaye tangu siku ya mahari alimwita "yule kijana wa betri," kwa kuwa aliuza simu na betri zake. Jumamosi angekuja na kanisa zima kuona boti ikishushwa majini. Sare zilishashonwa. Bila cheti boti haigusi maji, na Peguy angezikwa akiwa kijana wa betri.

Basi akakaa mezani, akavaa miwani ingawa macho yake ni mazima, akajaza fomu. Palipoulizwa urefu, kalamu ikasita. Boti ilikuwa na mita nne na kidogo. Lakini mtu mzima, mwenye duka lake Overport, aandike mita nne? Hilo si beseni? Akaandika tisa. Palipoulizwa idadi ya watu akaandika kumi na wanane, maana kwaya haitenganishwi.

Jibu likaja Jumatano. Kwa chombo kikubwa namna hiyo, ofisi iliomba nahodha mwenye leseni, redio ya baharini, na boti ndogo ya kuokolea watu.

"Eish," Mireille akasema, akisomea begani kwake. "Boti ndogo si iko tayari?"

Peguy akakimbilia ofisini. Mama wa dirishani akamwambia kosa kama hilo hurekebishwa kwa kula kiapo polisi. Kesho yake akapanga foleni kituoni, suti na tai, viatu vinang'aa. Nyuma yake akasikia kikohozi anachokijua. Papa Dominiki alikuwa amekuja kugongesha muhuri kwenye kopi ya kitambulisho.

Peguy akanyanyua mkono wa kuume, akaapa kwa mnong'ono. Askari akasema hasikii.

"Boti yangu ni ndogo," Peguy akarudia, na foleni yote ikageuka.

"Ndogo kiasi gani?"

"Ndogo sana."

Papa Dominiki akatabasamu tu. Hapo ndipo palipomuuma Peguy.

Ijumaa mkaguzi akaja na futi yake, akapima, akasaini cheti: watu watatu, basi. Jumamosi kanisa likajipanga ukingoni na sare zake, likiimba. Mchungaji akapanda, maana nani atamwacha mchungaji? Papa Dominiki akapanda bila kuombwa, akashika usukani. Peguy akainua mguu.

"Ngoja kwanza," mzee akasema. "Mama mukwe wako ule pale amesimama. Utamuacha?"

Mkwe haachwi. Peguy akarudisha mguu nchi kavu, akampa mama mkono, akampandisha.

Boti ikaondoka vizuri ajabu, haikuvuja hata tone. Peguy akabaki ukingoni na cheti chenye jina lake, amekumbatia viatu walivyovua wakubwa watatu. Hakujua aone fahari au akasirike.

Kutoka majini Papa Dominiki akampungia mkono.

"Kijana wa boti!" akaita. "Angalia viatu visilowe."